Namba nne za nyumba moja: 100, 95, 88 na 67

Nyumba ilikuwa moja, ila namba zilizokuwa mezani zilikuwa nne. Mume alisema 100. Mke, aliyekuwa ameona tangazo la jirani, alisema 95. Binti yao aliingiza taarifa za nyumba kwenye programu ya makadirio mtandaoni, ikamjibu 88. Mthamini waliyemlipa akaandika 67. Kati ya namba ya juu na ya chini kulikuwa na pengo la theluthi nzima ya nyumba, na wote wanne walikuwa wameifanya kazi yao kwa nia njema.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunda mwenyewe kutokana na hali zinazojirudia popote nyumba zinapouzwa. Bei zote nimezigeuza kuwa sehemu za 100, na 100 ni kile kiasi alichokitaka mume, ili kila msomaji aweke hapo fedha anayoijua. Tafiti na matukio ninayoyataja kwa majina na miaka ni ya kweli.

Nyumba yenyewe ilijengwa miaka 19 iliyopita ikiwa na vyumba vitatu vya kulala. Baadaye wenyewe waliongeza vyumba viwili ubavuni, na miaka mitatu iliyopita wakabomoa jiko la zamani na kujenga jipya, zuri kwelikweli. Chumba cha tano kinaingiliwa kwa kupitia cha nne. Mbele ya nyumba kuna barabara ambayo zamani ilikuwa ya mtaa tu. Siku hizi magari huipita mchana kutwa kukwepa msongamano. Ile nyongeza ya vyumba viwili haikuombewa kibali cha ujenzi. Watoto wameshaondoka, wanandoa wanataka kuhamia nyumba ndogo, na kabla hawajatangaza chochote wanataka kujua nyumba yao ina thamani gani sokoni.

Swali lao lilikuwa sahihi na lilikuja kwa wakati wake. Watu wengi huuliza baada ya tangazo kukaa miezi, wakati wanunuzi wa eneo hilo wameshaliona, wameshalipita, na wameshaanza kuulizana nyumba ile ina kasoro gani.

Faili la risiti

Namba ya mume ilitoka kwenye faili. Alijumlisha kiwanja, ujenzi wa kwanza, nyongeza, jiko, ukuta wa uzio, na riba yote aliyoilipa benki, kisha akapandisha jumla ile kwa mfumuko wa bei. Ilikuwa hesabu makini na naiheshimu. Mtu aliyejinyima miaka 19 ana haki ya kujua alichokitoa.

Lakini hesabu ile ilikuwa inajibu swali la nyumba imetugharimu nini. Mnunuzi akisimama mlangoni ana swali lake: kwa fedha hii niliyonayo, leo, naweza kupata nini kingine? Nyumba mbili zinazofanana, moja imejengwa kwa ubadhirifu na nyingine kwa uangalifu, zitauzwa bei moja. Ukuta wa uzio wa familia hii ulijengwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulianguka. Kwenye faili umo mara mbili, kwenye kiwanja umo mara moja.

Wathamini wanayo njia inayoanzia kwenye gharama, na ni vizuri kuijua kwa sababu inaonyesha mahali hesabu ya risiti inapopotea. Mthamini hukadiria kwanza thamani ya kiwanja peke yake, kana kwamba kiko wazi. Kisha hukadiria ingegharimu kiasi gani leo kujenga nyumba yenye manufaa yaleyale. Halafu hupunguza uchakavu, nao ni wa namna tatu. Upo wa mwili: paa, mabomba, nyaya, rangi. Upo wa mpangilio, yaani nyumba ni nzima lakini imepangwa vibaya, kama chumba kinachoingiliwa kupitia chumba kingine. Na upo unaotoka nje ya uzio, ambao mwenye nyumba hawezi kuurekebisha hata akiwa na fedha zote, kama barabara iliyogeuka kuwa njia ya magari mengi. Nyumba hii ilikuwa na namna zote tatu. Ndiyo maana majengo huchakaa mwaka hadi mwaka hata pale ambapo bei za nyumba zinapanda. Kinachopanda mara nyingi ni ardhi iliyo chini yake.

Jiko linahitaji neno lake. Liligharimu 9. Mthamini, kama tutakavyoona, alilihesabia 2 tu juu ya majiko ya kawaida ya eneo lile, na hilo lilimuumiza mke kuliko jambo jingine lolote kwenye ripoti. Sababu ni kwamba karibu nyumba zote za jirani ni za vyumba vitatu na za wastani. Mnunuzi mwenye uwezo wa kulipia jiko la namna ile huwa anatafuta kwenye eneo la juu zaidi, ambako kila kitu kinachozunguka jiko kinalingana nalo. Anayenunua hapa atalifurahia, atalisifu, lakini hatatoa 9 kwa ajili yake.

Kuna jambo lingine ndani ya namba ya mume, na halimhusu yeye peke yake. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu waligawiwa vikombe vya kawaida bure, kisha wakaulizwa wangekubali kuviuza kwa kiasi gani. Waliopewa vikombe walidai takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao wasio navyo walikuwa tayari kulipa. Vikombe hivyo walikuwa wamekaa navyo kwa muda mfupi tu. Fikiria sasa nyumba uliyolelea watoto.

Kwenye nyumba halisi, David Genesove na Christopher Mayer walichunguza mauzo ya nyumba za ghorofa katikati ya Boston katika miaka ya 1990, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wamiliki ambao soko lingewalipa chini ya bei waliyonunulia walitangaza bei za juu kuliko wengine, nyongeza hiyo ikiwa kati ya asilimia 25 na 35 ya pengo lililowakabili. Mwisho wa siku waliambulia sehemu ndogo tu ya nyongeza ile, na nyumba zao zilichelewa kuuzika. Hofu ya hasara ilikuwa inapanga bei, na soko halikuijua hofu hiyo.

Tangazo la jirani

Namba ya mke, 95, ilikuwa na nguvu kwa sababu ilionekana kwa macho. Nyumba ya vyumba vinne, mitaa miwili nyuma, ilitangazwa kwa 95 na baada ya muda tangazo likaondolewa. Wote wakahitimisha kwamba imeuzwa 95.

Iliuzwa 84. Bei ya kutangaza ni ombi, na bei ya mauzo ni makubaliano. Kinachobandikwa barabarani ni ombi peke yake. Popote ambapo kumbukumbu za mauzo zinapatikana, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, kwa mthamini, au kwa madalali wanaotunza kumbukumbu zao vizuri, hapo ndipo pa kuanzia. Pale ambapo hazipatikani kirahisi, ni bora kuwauliza watu waliohusika moja kwa moja kuliko kukisia kutokana na tangazo. Matangazo yana faida yake pia: yanakuonyesha utakaoshindana nao kesho. Ila hayakuambii nani alilipa nini jana.

Na namba ikishaingia kichwani haitoki kirahisi. Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka wanafunzi na madalali wazoefu kwenye nyumba ya kweli huko Tucson, Arizona, wakawapa karatasi zilezile za taarifa, isipokuwa bei ya kutangaza ambayo ilibadilishwa kutoka kundi hadi kundi. Utafiti ulitoka mwaka 1987. Walioonyeshwa bei ya juu walikadiria thamani ya juu, walioonyeshwa ya chini wakakadiria chini, madalali nao wakiwemo. Tofauti ni kwamba madalali walikana zaidi kuwa bei ile ilikuwa imewaathiri. Familia hii ilikuwa imeishi na 95 kwa miezi kadhaa kabla ya kumwita mthamini, kwa hiyo 67 yake ilisikika kama tusi.

Programu ilijua nini

Programu za makadirio zinasimama juu ya wazo zuri. Mwaka 1974 Sherwin Rosen aliandika makala iliyoweka msingi wa kuitazama bidhaa kama nyumba kuwa fungu la sifa: ukubwa, vyumba, umri, umbali na kazi, shule, hewa. Sifa hizi haziuzwi moja moja, lakini ukiwa na mauzo mengi unaweza kukokotoa kila moja inachangia kiasi gani. Kompyuta inafanya hivyo kwa mamilioni ya nyumba kwa sekunde chache.

Tatizo ni sifa ambazo haikupewa. Binti aliandika vyumba vitano, na programu ikavikubali vyote vitano kuwa halali na vyenye milango yao. Haikujua kuhusu kibali. Haikusimama barazani saa kumi na moja jioni kusikiliza magari. Mifano ya kukosea huku ipo wazi. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Spencer Rascoff, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Zillow ya Marekani, ambayo makadirio yake ya mtandaoni yanajulikana sana, aliuza nyumba yake ya Seattle kwa bei iliyokuwa chini ya makadirio ya kampuni yake kwa takriban asilimia 40. Mwezi Novemba 2021 kampuni hiyohiyo ilitangaza kufunga kitengo chake cha kununua na kuuza nyumba, ikieleza kuwa kutabiri bei za nyumba za siku za mbele kumekuwa kugumu kuliko ilivyotarajia. Kampuni yenye takwimu nyingi kiasi kile ilikuwa imenunua nyumba nyingi kwa bei ya juu kuliko ambayo ingeweza kuziuzia.

Sisemi programu itupwe. Pale nyumba zinapofanana, na mauzo yakiwa mengi na yameandikwa, hukaribia ukweli. Kadiri nyumba inavyokuwa na jambo lake la pekee, ndivyo inavyokosea. Na nyumba hii ilikuwa na mambo ya pekee matatu.

67, na jinsi ilivyopatikana

Kwa viwango vya kimataifa vya uthamini, thamani ya soko ni kiasi kinachokadiriwa ambacho mali ingeuzwa siku ya tathmini, kati ya mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari wasio na uhusiano unaoweza kupotosha bei, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila upande ukiwa na taarifa, ukitumia busara, na bila kushurutishwa. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi. Mthamini alikuwa na mauzo ya kulinganishia matano mkononi, akatupa mawili. La kwanza liliuzwa 58, lakini kati ya ndugu. La pili liliuzwa 97, na ndilo ambalo mume alilileta mwenyewe kwa matumaini makubwa. Nyumba hiyo iko karibu sana, ila imevuka mpaka na kuingia ndani ya eneo la kuandikishia wanafunzi wa shule inayosifika.

Mume aliona amedhulumiwa kwa hili la pili, kwa kuwa kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Lakini mipaka ya namna hii hukata bei kama kisu. Sandra Black, katika utafiti wa mwaka 1999 kuhusu vitongoji vya Massachusetts, alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule, ambako mtaa ni uleule na tofauti kubwa ni shule. Alipata kwamba wazazi walilipa takriban asilimia 2.5 zaidi pale ambapo alama za mitihani zilizidi kwa asilimia 5. Watu husema mahali ndipo pana bei, nao wako sahihi, ila mahali si jina la eneo. Ni mambo maalumu yanayopatikana pale, na yanaweza kuishia katikati ya mtaa.

Zikabaki tatu. Mthamini hubadilisha bei za nyumba zile kuielekea hii inayopimwa: nyumba iliyouzwa ikiwa bora kuliko yetu, anapunguza, ikiwa duni, anaongeza. Wengi hugeuza ishara hapa na kupata majibu ya ajabu.

Nyumba ya kwanza iliuzwa 70 miezi miwili nyuma. Vyumba vitatu, mtaa wa ndani, jiko la kawaida. Yetu ina vyumba viwili zaidi: ongeza 10. Yetu iko barabarani: punguza 6. Jiko letu ni bora: ongeza 2. Inakuwa 76.

Ya pili ni ile ya tangazo la 95, iliyouzwa 84. Vyumba vinne: ongeza 3. Mtaa mtulivu: punguza 6. Kiwanja kikubwa kuliko chetu: punguza 3. Jiko lake halina tofauti na letu. 78.

Ya tatu iko kwenye barabara ileile na iliuzwa 66, miezi kumi na moja nyuma. Vyumba vitatu: ongeza 10. Jiko: ongeza 2. Wakati ule riba za mikopo zilikuwa chini: punguza 2. 76.

Namba za kurekebisha hazikutoka hewani. Ile 6 ya barabara alipata kwa kutafuta jozi za nyumba zinazofanana, moja ikiwa barabarani na nyingine ndani. Vyumba viwili vilileta 10, ila si tano kwa tano. Cha nne kilileta 7, kwa kuwa familia nyingi zinazotafuta eneo lile zingetaka kimoja cha ziada. Cha tano kilileta 3, kwa sababu wanaokihitaji ni wachache na kwa sababu hakina mlango wake. Riba nayo isidharauliwe. Mtu ambaye kipato chake kinabeba marejesho ya mkopo wa 100 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 5, riba ikipanda hadi 8, marejesho yaleyale yanabeba mkopo wa takriban 79 tu. Bei za nyumba haziporomoki kwa kiwango hicho, kwa kuwa wauzaji hung'ang'ania na baadhi ya wanunuzi wana fedha taslimu, lakini idadi ya wanaoweza kuja kutazama hupungua, na nyumba haijabadilika hata tofali moja.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na thamani ya 77 hivi. Mbona ripoti ikaandika 67?

Kwa sababu ya kibali. Kisheria nyumba ile ilikuwa bado na vyumba vitatu. Benki ambayo ingemkopesha mnunuzi ingehesabu kilichoidhinishwa, na mnunuzi mwangalifu angejiuliza itakuwaje akiamriwa kubomoa. Mthamini akaondoa 10 yote ya vyumba viwili. Eneo lile la ziada lilikuwa na manufaa yake, lakini aliona yanafutwa na hatari iliyoambatana nayo.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi. Kwa miezi walikuwa wanajadili rangi, bafu, na kama wapande maua mbele. Kilichokuwa kinakula sehemu kubwa kuliko vyote hivyo kilikuwa karatasi, na hakuna mgeni ambaye angeiona akiwa anatembezwa vyumbani. Angeiona wakili wa mnunuzi, mwishoni, baada ya bei kukubaliwa, pale ambapo muuzaji ameshajifunga kwenye nyumba nyingine na hana nguvu ya kukataa punguzo. Hati yenye jina la marehemu, mpaka usiopimwa, njia ya jirani inayokatiza kiwanja, deni la kodi ya jengo: haya yote ni sehemu ya thamani, na yote yanaweza kujulikana kabla ya tangazo la kwanza.

Walichofanya

Walikuwa wametenga 6 kwa ajili ya kulifanya upya bafu. Mthamini alikadiria lingerudisha 2, pengine 3. Wakaliacha, wakabadilisha bomba lililovuja na kusafisha vigae. Paa lilikuwa na doa la maji kwenye dari ya sebule. Likazibwa na dari ikapakwa, kwa kuwa doa dogo humfanya mnunuzi awaze paa zima, na akiwaza hupunguza zaidi ya gharama ya fundi.

Fedha nyingine ikaenda kwenye kuhalalisha nyongeza: mchoro, ada, ukaguzi, na dirisha moja lililobidi lipanuliwe. Kwa kuwa mchoro ulikuwa unachorwa hata hivyo, walikata sehemu ya stoo wakapata korido fupi, na chumba cha tano kikapata mlango wake. Kazi yote ilikula chini ya 3. Ilirudisha ile 10, na mthamini akaongeza 2 kwa ajili ya mlango. Makadirio mapya: 79.

Si kila nyongeza inaweza kuhalalishwa. Kama ingekuwa imevuka mpaka au imekaribia barabara kupita inavyoruhusiwa, jibu lingekuwa kuuza kwa 67 na kusema ukweli wote, jambo ambalo bado ni salama kuliko kuuza kwa 79 na kushtakiwa baadaye.

Madalali wawili walikuja. Wa kwanza alitaja 98 akiwa bado sebuleni, kabla hajauona upande wa vyumba. Wa pili aliomba kuona kibali, akatembea hadi barabarani, akataja 80 na kuonyesha mauzo aliyoegemea. Namba kubwa ya dalali haimgharimu kitu. Inampa kazi, na baada ya wiki kadhaa atashauri punguzo. Hata dalali mwaminifu ana msukumo wake. Steven Levitt na Chad Syverson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walilinganisha nyumba ambazo madalali waliuza kwa niaba ya wateja na zile walizouza kwa ajili yao wenyewe. Za kwao zilikaa sokoni siku tisa na nusu zaidi na kuuzwa kwa takriban asilimia 3.7 zaidi. Dalali hupata sehemu ndogo ya kila nyongeza, kwa hiyo kusubiri kunamfaidi mwenye nyumba kuliko kunavyomfaidi yeye. Familia ilimchukua wa pili, na wakakubaliana mapema kwamba hakuna ofa itakayokataliwa wala kukubaliwa kabla ya kulinganishwa na zile nyumba tatu.

Bei ya kutangaza ilizua ubishi wa mwisho. Mume alitaka 84 ili kuacha nafasi ya mazungumzo. Lakini wanunuzi wanapotafuta nyumba hujiwekea ukomo wa bei kwa namba kamili, na tuseme katika soko hili ukomo mmoja uliangukia 80. Nyumba ya 84 isingeonekana kabisa na watu ambao ndio hasa ingewafaa, ikaonekana na wale wanaoangalia hadi 90, ikiwa kando ya nyumba za mitaa mitulivu. Wakatangaza 80.

Zilikuja ofa mbili. Moja ya 75 taslimu, nyingine ya 77 kwa mkopo. Ofa ya mkopo ina hatari yake: benki hutuma mthamini wake, na akiandika pungufu, mnunuzi hana fedha ya kuziba pengo. Siku ya ukaguzi walimkabidhi mthamini wa benki kibali kipya na orodha ya mauzo matatu. Akaandika 78, na nyumba ikauzwa 77.

Mume bado anauliza kama wangengoja mwaka, riba zishuke, bei zipande. Ni swali halali na lina hesabu yake. Nyumba ndogo wanayoinunua ina bei ya 50 katika soko hilohilo. Bei zikipanda kwa asilimia 10, nyumba yao ingeongezeka 7.7 na ile wanayoitaka ingeongezeka 5. Wangebaki na 2.7, na ndani yake watoe mwaka mzima wa matengenezo, kodi na bima vya nyumba kubwa kuliko wanayoihitaji, ambavyo kwa hesabu zao wenyewe vinafika 2. Bei zikishuka kwa asilimia 10, wangepoteza 2.7 na gharama zile pia. Kwa mtu anayehama kutoka kikubwa kwenda kidogo, soko linalopanda lina faida kiasi; kwa anayehama kutoka kidogo kwenda kikubwa, mahesabu yanageuka, na kungoja bei zipande kunamuumiza. Kwao tofauti ilikuwa 0.7 ya kubahatisha, nao hawakuona kwamba inatosha kukaa mwaka mwingine ndani ya vyumba vitano wakiwa wawili.